Redio ya Mgiriki na Honi ya Pikipiki

Jumatatu, 1 Julai 1985

Leo mambo ya Pangani yamegeuka. Niandike kwa mwandiko mzuri, huenda watu wakaja kusoma.

Nimevuka kwenda Mwera na kivuko cha asubuhi, nimerudi na redio. Si redio hizi za mkononi. Redio ya gari! Imetoka kwenye gari bovu la yule Mgiriki aliyekuwa meneja wa mkonge, lile ambalo kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Nilikuwa karani wa stoo pale miaka kumi na moja, nalipita kila asubuhi, sikuwahi kulichungulia. Juzi nilichungulia. Mlinzi amenipa redio kwa kipande kimoja cha sabuni. Sabuni ilikuwa ya dada Tuhfa. Hajajua.

Nzito! Ndani haina transista hata moja. Ina valvu, vile vitaa vya kioo vya zamani, vitano, vyote vizima. Mgongoni imeandikwa volti 12.

Sasa sababu, na hii ni siri. Mji mzima hauna redio inayosema. Redio zipo, mawe ya kutilia, zile betri ndogo, hayapo. Duka la ushirika limebaki na rafu na muuzaji. Watu wanaanika mawe yao ya zamani juu ya bati, wengine wanayauma kwa meno, wengine wanayachemsha. Yanasema dakika tatu, kisha kimya. Redio yangu haitaki mawe. Inataka betri ya gari. Nani mwenye akili hapa?

Na sababu ya sababu: Mboni.

Mboni binti Shaib anauza chai na vitumbua pale kivukoni. Mjane, mwaka wa nne sasa. Baba yake ni marehemu, walii wake ni kaka yake mmoja tu, Idarusi, aliyekwenda Dar es Salaam miaka mitatu iliyopita na hajaandika hata mstari. Bila walii hakuna ndoa. Sheikh alisema anaweza kusimama mahali pake. Mboni amekataa. Kasema kama kaka yu hai, basi yeye ndiye wa kumwoza. Na kama amekufa aambiwe, amsomee hitma. Wiki jana dereva wa lori kamwambia amesikia jina la Idarusi kwenye salamu za redio za Jumamosi. Tangu hapo anamuuliza kila anayevuka: nani ana redio inayosema?

Mimi! Jumamosi, inshallah.

Jumanne, 2 Julai

Dada Tuhfa amejua habari ya sabuni. Sitaandika aliyoyasema, shajara hii huenda ikasomwa na watoto.

Baadaye akapoa. Akauliza kwa nini nisimwambie tu Mboni nia yangu, mambo ya walii yafuate. Nyumba yake ni hatua arobaini kutoka kwetu. Nikamweleza kwamba mwanamume hapeleki maneno matupu, anapeleka jambo. Dada akasema majambo ninayo, tena mengi, ndiyo maana nimefika miaka arobaini na moja ninakula kwake.

Kazi ya leo: betri. Pikipiki yangu ina betri ya volti sita (pikipiki yenyewe haijatembea tangu vita vya Uganda). Nahitaji kumi na mbili. Mselem, nahodha wa kivuko, naye ana pikipiki na betri ya sita. Nikamwomba. Akauliza ya nini. Nikasema kwa maslahi ya umma. Akanitazama sana, akanipa, kwa sharti irudi Jumatatu. Bahati nzuri, dizeli imepatikana kwenye mashine ya kusaga, nikazichaji zote mbili hapo hapo katikati ya magunia ya mahindi.

Sita na sita, kumi na mbili. Hesabu ya darasa la kwanza. Nikaziunga: chanya na chanya, hasi na hasi, kila mtu na ndugu yake. Nikapima kwa mita. Sita! Nikapima tena. Sita! Nikaitukana mita. Saa tisa ndipo nilipokumbuka: chanya ya huyu hushika hasi ya yule, kama ndoa. Kumi na mbili! Nilipiga ukelele, jirani akaja na fimbo akidhani nyoka.

Nikawasha. Valvu zikawaka nyekundu, nzuri, moja baada ya moja. Nikangoja. Sauti hakuna. Hata mkwaruzo hakuna.

Wakati huo huo, nani apite? Tahiri. Fundi cherehani, kibarazani kwake mkabala na Mboni, mchana kutwa jicho lake liko kwenye vitumbua. Anazo redio ya mkononi na mawe manne ya mwisho, ameyafunga kwenye kitambaa cha hariri. Akaniambia bila kuulizwa kwamba ameyaanika siku nne na Jumamosi Mboni atasikilizia kwake. Akatazama redio yangu. Akauliza kama inakaanga samaki. Akutukanaye hakuchagulii tusi.

Jumatano, 3 Julai

Tanga, kwa mzee Timotheo, fundi redio wa Ngamiani. Mzee wa Kibondei, ameanza kutengeneza redio mimi sijazaliwa. Nikamwamkia shikamoo, nikaitua redio mezani, akainusa kwanza. Akasema valvu nzima, transfoma nzima, kilichokufa ni vaibreta.

Nimejifunza mambo makubwa. Nayaandika yasipotee. Valvu hazishibi kwa volti kumi na mbili, zinataka mia mbili na zaidi. Transfoma inaweza kuzipandisha, lakini haipandishi umeme wa betri uliotulia tuli. Lazima ukatwekatwe: washa, zima, washa, zima, mara mia kwa nukta moja. Mzee akasema ni kama bembea. Ukimsukuma mtoto ukamshikilia hapo hapo, haendi popote. Ukisukuma ukaacha, ukasukuma ukaacha, atafika kwenye matawi. Vaibreta ndiyo mkono wa kusukuma: kikopo chenye ulimi wa chuma unaotetemeka. Wa kwangu umeungua.

Nikauliza nitapata wapi mwingine. Akacheka mpaka akavua miwani. Hajauona mpya kwa miaka kumi. Akauliza nina mke. Nikasema niko njiani. Akasema njia hiyo, kwa uzoefu wake, haipiti ndani ya redio.

Mzee mwema. Lakini haoni mbali.

Alhamisi, 4 Julai

Nimepata!

Nilikuwa nimeketi na kikombe cha chai ya rangi, sukari hakuna, nimekata tamaa kabisa. Kivuko kikapiga honi. Nikasimama. Chai ikamwagika. Honi! Ndani ya honi kuna nini? Ulimi wa chuma. Unafanya nini? Unakata umeme na kuunga, kata, unga, ndipo inalia! Nchi nzima inalia haina vaibreta, kumbe kila pikipiki inayo moja, imeangikwa mbele, inapigia mbuzi kelele.

Nimeing'oa ya pikipiki yangu. Nimeifungua, nimetoa waya kutoka kwenye ulimi mpaka kwenye transfoma. Vidole vinne vimeungua. Dada Tuhfa akauliza kama nitakula. Nikajibu sayansi haili. Saa nane sayansi ilikula muhogo na dagaa, ikaongezwa.

Jumapili mji utaniita fundi. Sasa wananiita Yakoub wa Stoo.

Ijumaa, 5 Julai

Baada ya sala ya Ijumaa, nimejaribu.

Mtu alisema ndani ya redio! Mtu wa Dar es Salaam, sauti nene, wazi, kama ameketi kwenye jamvi langu! Nilisujudu. Lakini sikusikia alichosema, kwa sababu honi nayo ilikuwa inalia. Haikulia kwa kukatiza. Ililia moja kwa moja, bila pumzi, na ndiyo kazi yenyewe: ikinyamaza, redio inanyamaza.

Nikaiacha ilie dakika tano, nitafakari. Kumbe kivukoni abiria wamesikia, wakadhani kivuko kinaondoka. Watu wakaacha chakula. Mzee mmoja alikuwa ananyolewa, amekimbia na nusu ya ndevu. Wakajaa kwenye kivuko, na Mselem yuko kwao anakula. Akaja na tonge mkononi. Kasema mji huu una honi moja, ya serikali, na akisikia nyingine atachukua betri yake hata kama Rais anahutubia.

Sikuvunjika moyo. Honi inataka kuvishwa tu. Nimejaribu gunia: bado. Mchanga: ulimi ulikwama. Matambara: bado. Kisha macho yangu yakaangukia kwenye godoro la dada Tuhfa. Sufi tupu, laini, imechambuliwa na marehemu mama kwa mikono yake. Nimefumua mshono kidogo tu ubavuni, nikaizamisha honi katikati kabisa. Nikawasha. Subhanallah! Honi imekuwa nyuki. Redio imebaki peke yake, inasoma bei za korosho.

Dada hatajua. Kesho saa tisa atakuwa kwenye maulidi ya wanawake. Nitashona kabla hajarudi.

Jumamosi, 6 Julai

Nimetulia sasa, mkono umefungwa kitambaa. Niandike kwa mpangilio.

Saa nane na nusu watu wamejaa kwa Tahiri. Mimi sina mtu. Redio yangu imekaa kibarazani juu ya kasha, waya zinapita dirishani mpaka chumba cha dada, kwenye godoro. Antena nimeifunga kwenye mnazi. Nikajifanya nasoma.

Saa tisa kasoro, Tahiri akafungua kitambaa cha hariri, akatia mawe. Redio yake ikasema, "Hii ni—" ikafa. Akayatoa, akayasugua, akayatia tena. Ikakohoa. Akayauma! Mbele ya Mboni! Nilimhurumia. Sana sikumhurumia.

Nikawasha yangu. Valvu zataka dakika moja zipate moto, na hiyo ndiyo dakika ndefu kuliko zote za maisha yangu. Kisha sauti ikatoka ikajaza mtaa. Watu wakageuka kwa pamoja. Wakahama! Wamehama na majamvi yao! Mboni akaja mbele kabisa, kanga kaishika kidevuni. Nyuma, chumbani, nyuki wangu ananguruma taratibu.

Salamu zikasomwa nusu saa. Fulani wa Tukuyu, fulani wa Kigoma, fulani na wote wanaomfahamu. Idarusi hakuna. Nilimwona Mboni mabega yakishuka kidogo kidogo. Nikataka kuizima, kwa huruma. Lakini yakaja matangazo ya vifo, na matangazo ya vifo hayazimwi, hata mtoto anajua. Watu wakavua kofia.

La tatu. "Bwana Idarusi Shaib wa Buguruni Malapa, Dar es Salaam, anasikitika kutangaza kifo cha—"

Hapo ndipo dada Tuhfa alipopiga yowe. Maulidi yalikwisha mapema. Aliingia chumbani mwake akakuta godoro linafuka moshi. Honi, kwa kazi nyingi, ilikuwa imepata moto, na sufi ni sufi. Akachukua ndoo ya maji akamwagia godoro. Akachukua ya pili, akafuata waya mpaka kibarazani, akaimwagia redio. Valvu moja ikapasuka, pa! Kisha kimya.

Kila mtu akaanza kulia. Nani amekufa? Hatujui! Lakini ni wa Idarusi, na wa Idarusi ni wetu. Kina mama walijitupa chini hovyo, kila mmoja akitaja jina la anayemdhania. Mboni peke yake hakulia. Alikaa chini hapo hapo kwenye maji, mkono mdomoni, akasema, "Yu hai. Kaka yangu yu hai." Akasema mara tatu. Kisha akanitazama mimi, na macho yake sitayasahau.

Machozi yalinitoka. Watu walidhani ni moshi. Nilikubali kwamba ni moshi.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba, lakini hapa bendera na matanga vimekwenda pamoja.

Wazee wamekaa tangu alfajiri kumtafuta maiti. Wamehesabu. Idarusi na Mboni hawana baba, hawana mama. Ndugu wa damu aliyebaki ni mmoja, shangazi yao Mwanaima, kule Maramba, mwenye umri mkubwa na kifua kibovu. Basi ni yeye. Wote wakasema kwa sauti moja, innalillahi, na wengine wakakumbuka kwamba walimwota.

Nilisema tungoje uhakika. Nikaambiwa uhakika umemwagiwa maji, na kosa ni la nani?

Kila nyumba imetoa ilichoficha. Sikujua mji huu una mchele! Uliotolewa chini ya vitanda leo ungelisha kivuko kwa mwezi. Tatizo likawa sanda. Bafta haionekani dukani tangu mwaka jana. Tahiri akasimama, akatoa kitambaa chake kizuri kuliko vyote, cheupe, alichokuwa akimwekea bwana harusi mmoja. Akasema atakipeleka Maramba mwenyewe. Kapanda lori la samaki na sanda kwapani, huku akimwangalia Mboni. Watu wakamwombea dua. Mimi niliombewa uongofu.

Mboni amemwandikia kaka yake barua, kampa yule dereva wa lori aipeleke Buguruni Malapa. Sasa ana mahali pa kuandika. Mapato ya redio yangu hayo! Hakuna aliyeyataja.

Usiku huu nalala kwenye jamvi. Godoro langu kalichukua dada.

Jumanne, 9 Julai

Marehemu amekuja kwa matanga yake.

Tulikuwa tunakula. Siku ya tatu, pilau, nyama kidogo. Lori likasimama. Akashuka Tahiri, uso umemvimba kwa aibu, na nyuma yake bibi mmoja mfupi na mkongojo. Shangazi Mwanaima, yu hai, tena anakohoa kwa nguvu.

Kumbe Tahiri alipofika Maramba alibisha hodi akilia, na aliyemfungulia ni yeye. Akamuuliza mwanangu unalia nini. Tahiri akasema nimeleta sanda ya Bi Mwanaima. Bibi akaipokea. Akaishika, akainusa, akasema bafta nzuri namna hii haijafika Maramba tangu enzi za Waingereza, na hairudi. Ameitia kwenye kikapu. Bwana harusi wa watu ataoa na shati la kijani.

Watu waliinuka kumkimbia, yeye akaketi. Akaosha mikono. Akaomba sahani. Akasema, "Kufa kufaana, lakini mimi ndiye wa kwanza kufaidi kifo changu." Akala pilau yake mpaka mwisho, kisha akataka aambiwe, mmoja mmoja, nani alilia na nani hakulia. Jirani yetu mmoja aliyetamka juzi kwamba marehemu alikuwa mchoyo ameondoka kwenda kuangalia mbuzi. Hajarudi.

Tulimwamkia wote shikamoo, shangazi, kwa heshima ambayo sijaiona hapa siku nyingi. Mboni alimkumbatia, akicheka na kulia kwa pamoja. Nikamwona akicheka! Meno yote!

Lakini swali limebaki palepale. Kama si shangazi, aliyekufa ni nani?

Wazee wakanigeukia tena mimi.

Jumatano, 10 Julai

Asubuhi mtoto wa jirani ameleta vitumbua vinne, kutoka kwa Mboni. Vya moto. Nimewaza ni malipo ya kusikiliza. Mtu mwadilifu, yule mwanamke.

Dada Tuhfa akavitazama vitumbua, akanitazama mimi, akauliza kama katika vile vitaa vyangu vya kioo hamna hata kimoja cha kutia kichwani. Bado ana hasira ya godoro.

Nimeianika redio juani. Nimemrudishia Mselem betri yake, siku mbili nyuma ya sharti. Imenyauka kidogo. Naye pia.

Alhamisi, 11 Julai

Vitumbua vinne tena. Hesabu yake ya malipo ni ya juu mno. Inabidi nimrudishie kitu. Nikipata valvu moja, nikiunga honi mbili zipokezane, moja ipoe nyingine ifanye kazi, Jumamosi nyingine anasikia taarabu nzima.

Jumamosi, 13 Julai

Idarusi amekuja!

Barua ilimfikia. Kaja na gari, pikapu ya kukodi, amenenepa, saa mkononi. Mboni alimwona kutoka upande wa pili wa barabara, akaacha kitumbua kikiungua kwenye karai, jambo ambalo hajafanya tangu nimjue. Sitaeleza walivyokutana. Nilitazama pembeni. Kila mtu alitazama pembeni, na kila mtu alikuwa na mafua.

Habari ikatoka. Aliyekufa ni baba mkwe wake. Mzee wa watu wa Rufiji, sisi hatumjui, Mungu amlaze pema. Kumbe Idarusi alioa kule, aliona haya kuandika kwa kuwa hakumshirikisha mtu, na haya ikizidi mwaka inakuwa miaka mitatu. Shangazi Mwanaima akamchapa mkongojo mara moja, mbele za watu, mambo yakaisha. Kisha tukamsomea fatiha mzee wa Rufiji, na mwenye pilau iliyobaki akaileta. Safari hii maiti amepata haki yake.

Halafu akafunua turubai. Ya Rabi! Mawe ya redio! Makatoni! Sabuni! Bafta! Anasema siku hizi aliye na fedha zake za kigeni anaruhusiwa kuleta, haulizwi sana, na Dar es Salaam maduka yameanza kujaa. Kabla ya magharibi kila nyumba ilikuwa na mawe mapya. Redio zikafunguliwa zote kwa mara moja. Nilitembea kutoka kivukoni mpaka nyumbani, na sauti ya mtu mmoja ikanisindikiza dirisha kwa dirisha, sikukosa hata neno. Mtaa mzima unasema, na redio yangu tu ndiyo mbovu.

Nilikaa kibarazani na redio yangu kwenye magoti. Sitaficha. Niliumia. Tahiri alipita na redio yake inaimba, akaiongeza sauti. Nikaona ndiyo basi. Nani atamtazama mtu wa honi na sufi?

Idarusi akaja akakaa nami. Akauliza mimi ndiye niliyemsikilizisha dada yake. Nikasema ndiyo. Nikamweleza habari ya bembea, ulimi wa chuma, volti mia mbili. Nimemweleza saa nzima. Mara mbili aliuliza kama kuna jambo lingine ninalotaka kumwambia yeye, kama walii. Nikamwambia lipo: asiwaze kuuza mawe tu, zamani zile za valvu zitarudi.

Akainuka. Akaniaga kwa upole mwingi.

Baada ya isha dada Tuhfa katoka kwa Mboni na ujumbe. Kanisomea kwa kunishika sikio. Mboni kasema: wanaume wenye mawe amewaona wengi leo. Aliyeunguza godoro la dada yake ili yeye amsikie kaka yake amemwona mmoja. Kesho baada ya alasiri walii wake yupo nyumbani, na mlango utakuwa wazi. Huyo mtu alete watu, asilete kitu kingine.

Nimeuliza dada, huyo mtu ni nani. Akaniachia sikio, akaenda kulala kwenye godoro langu.

Kisha nikafahamu. Wino umemwagika hapa, samahani.

Jumapili, 14 Julai

Posa imepokewa! Alhamdulillahi!

Mshenga alikuwa Mselem, aliyevaa kanzu na akasahau betri. Alisema maneno mazuri juu yangu, mengine siyajui. Tahiri alituma salamu za kheri na akajitolea kunishonea kanzu. Nimemsamehe.

Mahari kataja Mboni mwenyewe, kaka yake akaleta maneno kutoka ndani. Wazee wakangoja kusikia dhahabu, kitanda, kanga doti sita. Akataka hivi: redio ya Mgiriki pamoja na valvu iliyopasuka, honi, betri, transfoma ya akiba, waya zote ndefu na fupi, mita, koleo na bisibisi. Basi. Idarusi akarudi ndani kuuliza kama ni kweli. Akatoka akasema ni kweli, na kasisitiza bisibisi.

Sheikh akakumbusha kwamba mahari ni mali ya mke peke yake. Mume haigusi, haihamishi, haiazimi, ila kwa ridhaa yake. Alilisema akinitazama mimi, kisha akalirudia. Dada Tuhfa nyuma ya pazia alicheka mpaka akaletewa maji.

Wengine wameposa mwaka mzima kwa ng'ombe na dhahabu. Mimi nimepata mwanamke anayejua thamani ya valvu.

Jumamosi, 20 Julai

Jana nimeoa. Idarusi ameniozesha mkono kwa mkono, sauti yake ilikatika katikati, yangu pia. Shangazi Mwanaima amesema sasa anaweza kufa kweli, ila atanijulisha mapema. Mke wangu ni mzuri. Nimelitazama neno hili kwa muda, mke wangu, nimeliandika tena: mke wangu.

Asubuhi nimemkabidhi mahari, kipande kwa kipande. Kahesabu waya! Kauliza kama kuna nyingine mfukoni, na kweli kulikuwa na moja. Kavitia vyote kwenye sanduku la mbao, kafunga kufuli, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga. Juu ya sanduku kaweka sanduku lingine. Kisha kanimiminia chai, na safari hii ina sukari.

Sijawahi kuona mtu anayeipenda redio kiasi hicho. Nimemwandikia mzee Timotheo leo leo anitafutie ya pili, tuwe na yake na yangu.